Maziwa ya Ukoo Mmoja: Safari ya Barabara kutoka Mwanza hadi Ziwa Albert

Katika ramani ya Maziwa Makuu ninayoitumia kufundishia jiografia hapa Mwanza umelala ukoo mzima wa kifalme wa Uingereza. Victoria yuko mashariki, mumewe Albert yuko kaskazini-magharibi, mwana wao Edward na mjukuu wao George ni majirani karibu na ikweta, na Elizabeth, kilembwe wa Victoria, amepewa hifadhi ya wanyama katikati ya hao wawili. Likizo ya Juni niliamua kuufuata ukoo huo kwa meli, basi na bodaboda, nikianzia kwa mke na kuishia kwa mume, ili nijionee mahali majina haya yalipobandikwa na nielewe kila aliyeyabandika alikuwa akilipa fadhila kwa nani. Simulizi hii nimeipanga baada ya kurejea, kutokana na daftari langu na picha za simu. Bei ni zile nilizolipa mimi, kwa hiyo msomaji azichukue kama makadirio tu.

Jumapili: Mwanza

Meli ya Bukoba huondoka usiku, basi mchana niliutumia kupanda Isamilo, kwenye miinuko yenye mawe makubwa ambako ghuba inaonekana vizuri. Tarehe 3 Agosti 1858 John Hanning Speke alifika pande hizi akitokea Kazeh, yaani Tabora ya leo, ambako mwenzake Richard Burton alikuwa amebaki mgonjwa. Aliandamana na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kupelekwa India akiwa mtumwa, na wawili hao walielewana kwa Kihindustani. Alichokiona Speke ni ghuba na visiwa, sehemu ndogo ya maji yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini hakusita kulipa ziwa lote jina la malkia wake, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kutawala miaka 21 na hakuwahi kukanyaga Afrika hadi kufa kwake mwaka 1901.

Nimevutiwa na jambo moja la kalenda. Sheria ya kuanzisha koloni la British Columbia, huko Kanada ya leo, ilipitishwa London tarehe 2 Agosti 1858, siku moja kabla Speke hajasimama Mwanza, na jina la koloni hilo alilichagua Victoria mwenyewe. Mwaka uliofuata likazaliwa Queensland huko Australia, na huko nako malkia alikuwa na kauli katika uchaguzi wa jina. Hivyo ndivyo makoloni rasmi yalivyopata majina tangu zamani, kwa hati iliyotoka kwa mfalme na jina likiwa ndani yake: Maryland ya mwaka 1632 ni ya Malkia Henrietta Maria, Carolina ni ya Charles, Georgia ya mwaka 1732 ni ya George II. Maziwa yetu hayakuwa na hati. Msafiri mwenye homa na daftari aliandika jina, kisha akaenda nalo Ulaya kama mtu anayebisha hodi akiwa na zawadi mkononi.

Kwamba zawadi zilikuwa na anwani, Speke mwenyewe hakuficha. Aliporudi mwaka 1862 na kufika mahali Mto Nile unapotoka ziwani, maporomoko aliyaita Ripon, kwa heshima ya mheshimiwa aliyekuwa rais wa Chama cha Kijiografia cha Kifalme safari yake ilipoandaliwa, na mkono wa ziwa ulio karibu akauita Napoleon, kwa sababu Chama cha Kijiografia cha Ufaransa kilikuwa kimemtunuku nishani ya dhahabu na Ufaransa ya wakati huo ilitawaliwa na Napoleon III. Ghuba hiyo ya Jinja bado ina jina hilo.

Kabla ya kupanda meli nilikula sato wa kuchoma na ugali Kirumba kwa shilingi 12,000. Meli yenyewe ni Victoria, ambayo baada ya ukarabati ilirudi majini mwaka 2020 ikiwa na jina refu zaidi, New Victoria Hapa Kazi Tu, ingawa bandarini sikumsikia mtu akilitamka lote. Daraja la pili lenye kitanda lilinigharimu chini ya shilingi 50,000. Atakayetaka kitanda akate tiketi mapema, hasa shule zinapofungwa, vinginevyo atakesha kwenye kiti.

Jumatatu: Bukoba, Mutukula, Masaka

Tulipita Kemondo kabla ya jua kuchomoza na kuteremka Bukoba asubuhi. Kifungua kinywa kilikuwa ndizi zilizopikwa na maharage, pamoja na kahawa, kisha nikachukua basi dogo la Mutukula, mwendo wa kilomita themanini hivi kupitia daraja la Kyaka juu ya Mto Kagera, lile lililovunjwa katika vita vya mwaka 1978.

Jirani yangu ndani ya basi, mzee wa Kihaya mstaafu wa bandari, aliposikia nafuatilia majina ya wafalme alinieleza kwa uhakika kabisa kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Kaisari wa Ujerumani mlima Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, ndiyo maana mpaka wa Kenya umepinda pale. "Hata sisi tulifundishwa hivyo shuleni, Mwalimu," alisema. Nilimwambia kwa adabu kwamba mpaka huo ulikubaliwa na serikali mbili mwaka 1886, wakati mjukuu huyo, Wilhelm II, hakuwa hata amekalia kiti, kwani alikuwa Kaisari mwaka 1888. Mzee alifikiri kidogo, akasema kwamba kama hakupewa mlima, basi alipewa jina. Hapo alikuwa sahihi. Mwaka 1889 Hans Meyer alipofika kileleni Kibo alikiita kilele kile kwa jina la Kaisari Wilhelm, na kikabaki hivyo katika ramani za Wajerumani. Ni mwaka 1961 kilipoitwa Uhuru. Lushoto nayo ilikuwa Wilhelmstal. Mjukuu naye hakusahauliwa upande wetu.

Mpaka wa Mutukula ni mwendelezo wa mapatano hayohayo. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani waliurefusha mstari kuvuka ziwa na kwenda magharibi kwa kufuata latitudo ya digrii moja kusini mwa ikweta, bila kujali ni kijiji cha nani kinachokatwa. Basi letu la upande wa Uganda lilikaa hapo zaidi ya saa tatu, kwa kuwa mizigo ya abiria wengine ilikuwa na mjadala na karatasi zake hazikukamilika. Mama mmoja aliyekuwa akichoma gonja kando ya barabara aliniona nimesimama juani na begi, akanivutia kigoda chini ya mwavuli wake, akanilindia begi nilipokwenda kubadilisha fedha, na nilipotaka kumlipa kwa usumbufu alikubali fedha ya gonja mbili tu.

Kwa atakayepita hapa: Mtanzania anahitaji pasi ya kusafiria au hati ya dharura, kwa kuwa kitambulisho cha taifa peke yake hakimfikishi mbali kwa sasa, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Badilisha fedha kidogo mpakani na nyingine Masaka.

Masaka nilifika usiku na kulala.

Jumanne: Masaka hadi Katunguru

Kutoka Masaka hadi Mbarara ni lami nzuri, migomba na ng'ombe wa Ankole wenye pembe kubwa, wala sina zaidi la kusimulia. Mbarara nilisubiri hadi saa nane mchana teksi ijae, maana huku teksi ni lile gari tunaloliita sisi daladala, na haiondoki ikiwa na kiti kimoja kitupu.

Baada ya Bushenyi nchi inabadilika. Rubirizi barabara inapita juu ya kingo za maziwa ya kasoko, madogo na ya mviringo, kisha ghafla ukuta wa Bonde la Ufa unakatika na chini yake unaona tambarare kubwa ya nyasi, na mbali zaidi maji mawili: upande wa kulia ni George, upande wa kushoto ni Edward. Dereva alisimamisha gari bila kuombwa. Aliniambia kwamba kila mgeni anayepanda gari lake husimamishwa pale ili asije akasema kwamba hakuona.

Katunguru ni kijiji cha darajani. Chini ya daraja hilo unapita Mfereji wa Kazinga, ambao ni wa asili na una urefu wa kilomita 32 hivi, ukiunganisha maziwa hayo mawili. Chumba safi chenye chandarua kilikuwa shilingi 50,000 za Uganda. Mwenye nyumba alinionya nisitoke nje baada ya saa mbili usiku, kwani viboko hupanda kula nyasi hadi nyuma ya maduka, na usiku huo niliwasikia wakitafuna karibu kabisa na dirisha.

Jumatano: Mweya na Mfereji wa Kazinga

Nilikodi bodaboda hadi lango la hifadhi, kisha nikaomba lifti katika gari la familia moja ya Kampala, kwa sababu pikipiki haziruhusiwi kuzurura ndani. Baba wa familia hiyo alikataa katakata mchango wangu wa mafuta. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa kiwango chao, cha chini sana kuliko cha wageni wa mbali, kwa hiyo usiache pasi yako hotelini.

Boti ya Mweya huenda polepole kando ya mfereji. Nyati walilala matopeni, na ndege wa kila rangi walijaa ukingoni, na mwishoni mfereji unapofunguka katika Ziwa Edward kuna kijiji cha wavuvi ambamo watu wanafua nguo hatua chache kutoka walipo viboko. Mwongoza boti alikuwa kijana mwenye sauti kubwa na kumbukumbu nzuri. Henry Morton Stanley ndiye aliyeyatia maji haya katika ukoo. Katika safari yake ya miaka ya 1870, iliyogharimiwa na magazeti mawili, moja la New York na moja la London, alifika juu ya ufuo wa George, akadhani ni sehemu ya Ziwa Albert, akaiita ghuba hiyo Beatrice, jina la binti wa mwisho wa Victoria. Aliporudi mwaka 1889 katika safari ya kumwokoa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Equatoria kusini mwa Sudan, aligundua kwamba Albert lilikuwa mbali kaskazini. Ziwa kubwa la kusini akaliita Albert Edward, jina la mrithi wa kiti, ambalo baadaye lilifupishwa likawa Edward. Beatrice akaondolewa kwenye ramani, na mahali pake akawekwa mpwa wake George, ambaye alikuja kuwa mfalme mwaka 1910. Binti akampisha mrithi.

Kuhusu Elizabeth, hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga, mwaka uleule ambao binti huyo wa mfalme alipokea habari za msiba wa baba yake akiwa Kenya na kuwa malkia. Mwaka 1954 alizuru Uganda, akafungua bwawa la umeme la Jinja, na kwa heshima ya ziara hiyo Kazinga ikaitwa Queen Elizabeth. Katika ukoo wote niliokuwa naufuatilia, huyu ndiye pekee aliyefika katika nchi ambayo jina lake limebandikwa. Katika utawala wa Idi Amin hifadhi iliitwa Rwenzori, na miaka ya 1990 jina la malkia likarudi. Nilimuuliza mwongozaji kwa nini lirudi. Akajibu kwamba watalii walikuwa wanalijua tayari, na kubadilisha mabango ni gharama. Sikumwona akitania.

Alhamisi: Katwe

Ziwa Katwe ni kasoko yenye maji ya chumvi, hatua chache kutoka Ziwa Edward lenye maji matamu. Ukiwa juu ya ukingo unaliona limegawanywa kwa miti na udongo katika vijishamba vingi vidogo, kila kimoja na mwenyewe, na ndani yake watu wamesimama katika maji ya rangi ya waridi wakikwangua chumvi kutoka chini. Harufu yake inakaa kooni. Chumvi hii iligombaniwa na falme za Bunyoro, Tooro na Ankole muda mrefu kabla ya Stanley kupita, na mtu akiniuliza kitu gani katika njia hii yote kilikuwa na thamani ya kifalme kwa wenyeji, nitamwonyesha hapa.

Kivulini nilikutana na mfanyabiashara wa Butembo, mama wa makamo aliyevuka Kasindi na Mpondwe kununua magunia ya chumvi. Nilifurahi kusikia Kiswahili baada ya siku za Kiingereza cha kubabaisha, naye alifurahi kunisikia mimi, ingawa alicheka namna ninavyosema. Alininunulia chai, nikamnunulia chapati, tukakaa tukitazama ng'ambo ya ziwa, ambako sehemu kubwa zaidi ya Edward ni ya Kongo. Ng'ambo ile nako kulikuwa na Albert, lakini mwingine: hifadhi ambayo leo inaitwa Virunga ilianzishwa mwaka 1925 kwa jina la Mfalme Albert I wa Ubelgiji. Mji wa Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, uliitwa Albertville, na Lubumbashi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya mjini, iliitwa Elisabethville kwa jina la mkewe. Kinshasa ilikuwa Léopoldville, na Stanley aliipa jina hilo mwaka 1881 akiwa mwajiriwa wa Leopold II, kwa hiyo hapo hakuna haja ya kuuliza fadhila ilikwenda kwa nani.

Wala ukoo huo si wa watu baki. Leopold wa kwanza, mfalme wa kwanza wa Ubelgiji, alikuwa kaka wa mama yake Victoria na wa baba yake Albert, maana Victoria na Albert walikuwa binamu kabla ya kuwa mume na mke. Leopold II alikuwa basi binamu yao wote wawili. Mpaka unaokata Ziwa Edward ulitenganisha mali za jamaa wa nyumba moja.

Nilimweleza mama yule haya yote, pengine kwa urefu kupita kiasi, kama walimu tulivyo. Alisikiliza hadi mwisho, akafunga mdomo wa gunia kwa kamba, akasema: "Bale bafalme bote balishakufa, baba. Sisi tunatafutaga chumvi na samaki."

Ijumaa: Kasese na Fort Portal

Kasese ni joto na vumbi, lakini alfajiri mawingu yalifunguka kwa muda mfupi na Rwenzori ikaonekana na theluji yake. Sikupanda, kupanda kunahitaji wiki nzima, vifaa na fedha ambazo mshahara wa mwalimu hauzijui. Nilitazama kutoka barabarani nikiwa na kikombe cha chai.

Huko juu kuna ukoo wa pili. Mwaka 1906 Luigi Amedeo, Mtawala wa Abruzzi, mjukuu wa mfalme wa kwanza wa Italia, alivipanda vilele vikuu na kuvipa majina. Kilele cha juu kabisa, chenye mita 5,109, alikiita Margherita, jina la mjane wa Mfalme Umberto, ambaye alikuwa mke wa baba yake mkubwa. Umberto na Vittorio Emanuele nao wana vilele vyao, na mlima mmoja una jina la mtawala huyo mwenyewe, Luigi di Savoia. Lakini alikuwa mgeni katika nchi iliyo chini ya Uingereza, na mgeni mwenye adabu hawasahau wenyeji wake, hata kama wenyeji hao nao ni wageni: kilele cha pili alikiita Alexandra, mke wa Edward VII, na kimoja cha mlima Baker kikaitwa Edward. Hivyo mke yuko theluji, na mume ana kilele pamoja na ziwa la joto chini yake. Wakonzo, wenye milima yao, hawakuulizwa.

Kutoka Kasese hadi Fort Portal ni saa mbili kwa teksi, shilingi 10,000. Portal hakuwa wa kifalme, alikuwa balozi, kwa hiyo namruka.

Nyumba ya wageni niliyolala inaendeshwa na mama mtu mzima wa Kitooro, na chakula chake kilikuwa firinda, yaani maharage yaliyomenywa na kupondwa kwa samli, pamoja na ugali wa ulezi. Alinisalimia, kisha akaniuliza empaako yangu. Nikasema sina. Akashangaa kwa huruma, kana kwamba nimesema sina kwetu. Katika Tooro na Bunyoro kila mtu, juu ya jina lake la kawaida, hupewa jina la heshima na mapenzi kutoka katika orodha fupi iliyorithiwa, na ndilo hutumika katika salamu; mwaka 2013 UNESCO iliitia desturi hiyo katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mama alinitazama, akashauriana na binti yake aliyekuwa akiosha vyombo, wakakubaliana kwamba mimi ni Akiiki. Nilipouliza kwa utani kama siwezi kupata Okaali, wote wawili walicheka hadi majirani wakachungulia, kwa kuwa Okaali ni ya mfalme wao, na haigawiwi kwa wapita njia. Tangu usiku ule hadi nilipoondoka asubuhi sikuitwa Mwalimu tena.

Jumamosi: Hoima

Barabara ya Kyenjojo hadi Hoima ni ndefu, ya lami, na nilisinzia sehemu kubwa yake.

Kilomita chache nje ya mji, upande wa Masindi, ni Mparo, walikozikwa wafalme wa Bunyoro. Mtunza makaburi alinipokea vizuri, akanitaka nivue viatu, akanieleza taratibu. Ndani ya nyumba ya nyasi kuna kaburi la Kabalega. Mfalme huyu alipigana na Waingereza miaka mingi, akakamatwa Aprili 1899 pamoja na Mwanga wa Buganda, akapelekwa uhamishoni kisiwani Mahé, Shelisheli, ambako mji mkuu unaitwa Victoria. Mwaka 1923 aliruhusiwa kurudi nyumbani, lakini alifariki njiani, Jinja, kando ya ile ghuba ambayo Speke aliipa jina la Napoleon. Nilikuwa nimesoma habari zake kabla ya kuja. Sikuwa nimewahi kuziweka juu ya ramani moja, na nilipofanya hivyo pale chini ya paa la nyasi nilikosa la kumuuliza mtunzaji kwa muda.

Hakuna tiketi, unatoa sadaka. Vaa nguo za heshima.

Jumapili: Kaiso, Ziwa Albert

Nilikodi pikipiki kutoka Hoima, shilingi 80,000 kwenda na kurudi pamoja na kusubiri, bei ambayo kijana wa pikipiki na mimi tuliifikia kwa mazungumzo marefu na bila uhasama. Barabara ya Kaiso na Tonya ni pana na mpya kwa sababu ya mafuta yaliyogunduliwa hapa. Inapita katika hifadhi ya Kabwoya, kisha inateremka ukuta wa Bonde la Ufa kwa kona kali, na ziwa linatokea lote kwa mara moja, na milima ya Kongo ng'ambo yake.

Samuel Baker alifika katika ufuo huu wa mashariki mwezi Machi 1864 pamoja na mkewe Florence, baada ya homa, njaa na kucheleweshwa miezi na Kamurasi, mfalme wa Bunyoro na baba yake Kabalega, aliyejua vizuri thamani ya mgeni mwenye bunduki na zawadi. Baker alisikia ziwa likiitwa jina la wenyeji, ambalo aliliandika Luta N'zige. Wanyoro huliita Mwitanzige. Akaliita Albert. Mwana mfalme huyo alikuwa amefariki Desemba 1861, malkia alikuwa bado katika nguo za msiba, na Baker hakuficha kwamba jina ni kumbukumbu ya mtu aliyekuwa akililiwa na malkia. Mwaka 1866 alipewa cheo cha Sir. Simwiti mnafiki, alikuwa amefika kweli, kwa mateso ya kweli. Lakini kati ya wote niliowafuata, huyu ndiye aliyejua kuchagua zawadi.

Wavuvi wa Kaiso walinionyesha mahali pa kula, kibanda chenye meza moja, na sangara wa kukaanga kwa shilingi 15,000. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu aliniambia kwamba zamani Wakongo walipokuja walisema wanatoka Ziwa Mobutu. Ni kweli: miaka ya 1970 Mobutu, aliyekuwa amekwisha kuwaondoa akina Leopold na Elisabeth katika miji yake, alilipa Ziwa Albert jina lake mwenyewe, na Edward akalipa jina la rafiki yake Idi Amin. Amin alianguka mwaka 1979 na jina likaanguka naye. "Ramani za pande mbili hazikulingana," mzee alisema, "lakini samaki hawakuwa na pasi."

Sangara yule alinikalia kichwani, kwa kuwa samaki huyu ni mwenyeji wa Albert lakini mgeni wa Victoria. Alihamishiwa huko kwetu miaka ya 1950 na 1960, kutoka hapa na kutoka Ziwa Turkana, akawala samaki wadogo wa ziwa kwa mamia ya aina, na leo viwanda vya minofu vya Mwanza vinaishi kwa ajili yake. Nilimweleza mzee bei ya kilo moja kiwandani kwetu, akaacha kushona.

Kurudi nilipitia Kampala, kwa sababu njia ya Fort Portal ingechukua muda zaidi: Hoima hadi Kampala ni saa nne, kisha basi la usiku la Bukoba linalofika Mutukula mpaka ukiwa umefunguliwa. Anayekwenda Kaiso asisubiri alasiri, mawingu hufunika ng'ambo ifikapo saa saba, na aende na fedha taslimu, kwani mtandao wa simu ufukweni ulikuwa unakatika na mwenye kibanda hakuweza kupokea malipo ya simu.